Ndagala za Domitille

Hyacinthe alikuja tena jana. Gari jeupe, viatu vyeupe, na kitambaa cha kujifutia jasho hata kabla jasho halijamtoka. Akakalia kiti changu bila kukaribishwa, akafungua daftari, akasema, "Mama Cibalonza, tunataka kuwasimulia vijana wa chuo kikuu habari za Cikuru. Wito wake ulianzia wapi? Mimi naona ulianzia katika kile chumba chetu cha sala, mwaka wake wa pili."

Eti chumba cha sala! Nilimpa maji ya kunywa kwa sababu mama yangu alinilea, lakini jibu sikumpa. Alikunywa, akaandika alichotaka kuandika, akaenda zake. Jibu nitakupa wewe, maana wewe hujaja na daftari.

Cikuru ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Tulivuka ziwa kutoka upande wa Kivu mimi nikiwa msichana na yeye hajaota meno. Baba akafa, mama akafuata, nikabaki hapa Rumonge na mtoto mgongoni na karai la ndagala, dagaa wa ziwa letu, kichwani. Uhuru ulipokuja nilimwona kwa macho yangu karani Mbelgiji akifunga masanduku yake. Wiki iliyofuata nikamwona kijana mweusi, mtoto wa muuza mihogo, amekaa kwenye kiti kile kile anagonga mihuri. Kwa nini yeye? Alisoma. Basi, hapakuwa na siri nyingine. Siku hiyo nikaapa kwamba mdogo wangu naye atakalia kiti.

Sikuolewa kwa ajili ya kiti hicho. Wanaume walikuja, wakamwona mtoto na madaftari yake, wakakumbuka kwamba wana safari. Waende salama! Nilianika ndagala mpaka ngozi ya mikono ikawa kama ya kenge, na mwaka wa sitini na tisa Cikuru akapanda lori kwenda Bujumbura kusomea sheria. Ufuko mzima ulinisikia. Siku ile nilitamba hata mbele ya kunguru.

Barua zake nilisomewa na Mwalimu, mume wa Domitille, maana shule mimi niliiona kwa nje tu. Domitille alikuwa jirani yangu wa nyumba na jirani yangu wa kuanika. Ndagala zake na zangu zilitenganishwa na mstari wa mawe madogo mchangani. Mwalimu alikuwa mtu mpole, kalamu mfukoni siku zote, na hakuwahi kuniambia "njoo kesho." Mwanzoni barua zilikuwa barua za watu: dada, nitumie sabuni, dada, huku kuna baridi asubuhi. Mwaka wa pili zikabadilika. Dada, tumeanzisha kikundi cha sala. Dada, Hyacinthe ndiye kiongozi wetu. Dada, Bwana ananiita nitumikie watu wadogo.

Mwalimu alikunja barua taratibu, akatabasamu. "Mudogo wako amekuwa mutu, Cibalonza."

"Alikuwa mutu tangu zamani," nikamjibu. "Mimi nataka awe mukubwa."

Watu wadogo! Nikajiuliza, mimi ni nani basi? Nimeinama mchangani miaka yote ili yeye asiinamie mtu, sasa anakwenda mjini kutafuta mahali pa kuinama. Nilikasirika hata ugali haukupita.

Pasaka ya mwaka wa sabini na mbili wakaja wote, kikundi kizima, wanafunzi saba wenye mashati yaliyopigwa pasi. Wiki ya utumishi, waliiita. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuja, mwenyeji akaugua.

Alhamisi Kuu wakateremka ufukoni na beseni na taulo. Hyacinthe akasimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa akatuhubiria habari za Bwana kuwaosha wanafunzi wake miguu, kisha akatangaza kwamba leo wao, wasomi, watatuosha sisi. Batuli, Mwislamu wetu aliyeanika upande wangu wa pili, mwanamke mwenye mwili wake na maneno yake, akaitazama miguu yake iliyokuwa ndani ya maji ya ziwa mpaka magotini.

"Mwanangu," akamwambia, "hii imeoga tangu alfajiri. Osheni vichwa vyenu."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Ingeishia hapo ningewasamehe. Lakini mtu aliyekuja kutenda wema na akakosa wa kumtendea ni mtu wa hatari, muogope. Wakaanza kuzunguka wakitafuta. Domitille alikuwa amepanda kwenda zahanati na mtoto mwenye homa, na ndagala zake zilikuwa pale zimeanikwa, zimejaa mchanga kama ndagala zote za dunia. Nami nilikuwa nimekwenda kuomba moto kwa Batuli, na wengine walikuwa wamepanda nyumbani kupika. Wale saba wakaona mchanga. Wakahurumia. Wakazizoa zote kwenye vikapu, wakazipeleka ziwani, wakaziosha moja moja, wakiimba.

Wewe umekulia wapi? Hata mtoto wa hapa asiyejua kujifunga kaptula anajua. Ndagala inaanikwa asubuhi ikitoka mtumbwini. Jua likipanda unaigeuza kwa ufagio wa njiti za mchikichi, jua likianza kushuka unaigeuza tena, jioni imekauka. Usipoigeuza, juu inakauka na chini inaoza. Na ikishaanza kukauka ukiirudisha majini, kwisha habari yake. Kesho yake ziliteleza kama kamasi, keshokutwa funza.

Domitille alizitazama. Alikuwa na watoto wanne na mshahara wa mwalimu uliokuja ulipotaka. Akasema, "Murakoze, bana banje." Ahsanteni, wanangu. Mimi niliyekuwa karibu nilitamani amtemee mtu mate.

Hyacinthe alisema wamejifunza jambo. Wakasali, wakaandika ripoti ya wiki ya utumishi, Jumatatu wakapanda lori. Sita. Wa saba alibaki barabarani na sanduku lake.

"Panda," nikamwambia.

"Nimemuharibia, dada. Nitabaki mpaka nimurudishie."

"Utamurudishia kwa mushahara wa kiti chako!"

"Iko na watoto wanakula leo," akasema, akabeba sanduku akarudi nyumbani.

Aibu niliyoipata hapo, usiniulize. Mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu, anashinda na wanawake ufukoni anageuza ndagala! Kazi hiyo mwanaume haigusi. Mwanaume anavua, akishavuta mtumbwi mchangani anakwenda kulala. Cikuru aliinama na ufagio wa Domitille, shingo ikambabuka, viganja vikapasuka, na wanawake wakamwita "shemeji wa ndagala." Alichopata kwa kubeba vikapu vya wachuuzi alimpelekea Domitille. Mwalimu alikuja jioni akitoka shuleni, akamwambia inatosha kijana, rudi ukasome. Alikataa kwa heshima. Ukaidi aliutoa kwangu, najua.

Siku moja nilimfokea mbele ya watu. "Huo wito wako umekuita ufanye kazi ambayo mimi nimeifanya bila kuitwa na mutu!"

Hakukasirika. "Kule chuoni tulikuwa tunasali Mungu atuonyeshe watu wa kuwatumikia," akasema. "Tulisali mwaka muzima. Mimi amenionyesha mumoja, dada, na nimemuozeshea chakula. Nikimuacha huyu, wale wengine nitawaambia nini?"

Nikamwambia mpumbavu ni mpumbavu hata akisoma Kilatini. Nikamtafutia lori la Jumatatu, mwisho wa Aprili. Nikamwapisha. Akaapa.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo waasi walitokea. Sitakusimulia mapanga, waliokuwepo wanayajua na wasiokuwepo hawataongezeka kimo. Waliua watu hapa na Nyanza-Lac na vijiji vya katikati. Sisi tulikimbilia kwenye michikichi. Kisha askari wakaja kuwafukuza waasi, na waasi walipokwisha wao hawakukoma. Walichukua wenye kalamu mfukoni. Kutoka Bujumbura tukasikia wanafunzi wanaitwa majina darasani na hawarudi. Hapo nikanyamaza juu ya lori. Sisi wa ng'ambo tulitazamwa mara mbili, kwa sababu ilisemwa waasi walitoka kwetu. Nikamwambia Cikuru: sasa wewe ni mjinga wa ufukoni, hujui kusoma, huna kikundi, huna Mungu wa Kifaransa. Inama na ufagio wako unyamaze. Na nikaona, lo, ule upumbavu wake ndio uliomwokoa. Nilianza kumshukuru Mungu kwa ndagala zilizooza.

Tangazo likasomwa sokoni. Hakuna matanga. Hakuna kulia. Waliokufa ni wasaliti, na anayemlilia msaliti ni mwenzake.

Mwalimu aliitwa mkutanoni siku ya Jumanne. Alikwenda na kalamu yake. Ijumaa Hamisi, mwenye mitumbwi, alirudi kwa barabara ya Nyanza-Lac, akapita mbele ya nyumba ya Domitille, akamtazama, akavua kofia, akaivaa, akapita. Hakufungua mdomo. Domitille alielewa, na sisi sote tuliomwona tulielewa.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana Hyacinthe hata leo haijui. Mwanamke wa ufukoni akifiwa, hagusi samaki siku saba. Jirani yake wa kuanika ndiye anayemgeuzia, na wengine wanafuata. Hatuulizi, hatutangazi. Ukiona ndagala za mtu zinageuzwa na mkono usio wake, unajua pale pamelala maiti, unakwenda kutoa pole. Kwetu hiyo ndiyo ngoma ya msiba. Kwa hiyo ukimgeuzia mwanamke ambaye mume wake amechukuliwa, umelia. Umelia mchana kweupe, mbele ya ufuko mzima.

Jumamosi asubuhi Domitille alianika ndagala kama kawaida, alivyoagizwa na tangazo. Alimaliza, akapanda nyumbani kwake hatua thelathini juu ya mchanga, akaketi mlangoni. Macho makavu. Hakushuka tena.

Jua likapanda. Batuli akageuza zake. Wengine wakageuza zao. Mimi nikageuza zangu mpaka kwenye mstari wa mawe, nikasimama. Mkono wa kwanza ulipaswa kuwa wangu. Mwanaume yule alinisomea barua miaka mitatu bila kunidai hata samaki mmoja wa mboga, na mimi nilisimama pale nikazitazama ndagala za mke wake zikipikika juu na kuoza chini. Niliogopa. Sitapamba. Askari wawili walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha mtumbwi, bunduki magotini. Nikageuka kana kwamba nimeona kitu ziwani.

Nilipotazama tena, Cikuru alikuwa ameshavuka mawe. Ana ufagio.

"Cikuru," nikasema nimeuma meno. "Rudi."

Aliinama akaanza pembeni, taratibu, vizuri, jinsi nilivyomfundisha. Wanawake wakainua vichwa. Hata watoto. Askari mmoja akainuka, akaja anaburuta viatu mchangani.

"Wewe! Hiyo kazi ya wanawake. Samaki za nani hizo? Mwenyewe iko wapi?"

Batuli alianza kusoma dua chinichini. Mimi nikaacha vyote nikakimbia katikati yao. Ulimi hauna mfupa, na wangu nilikuwa nimeunoa kwa mdogo wangu huyu huyu kwa wiki sita.

"Afande, usipoteze nguvu kwa huyu!" nikasema. "Huyu ni mudogo wangu, na kichwa yake Mungu alisahau kuweka kitu ndani. Aliosha ndagala za watu! Aliosha, afande, na maji, zikiwa nusu kavu! Zikaoza zote. Uliza hapa, uliza mutu yeyote. Sasa analipa kwa kazi. Mwezi muzima anainama hapa kama mwanamuke, na bado hajamaliza. Mutazame shingo yake! Muke hataki kuoa, samaki hajui kuvua. Ningelea mbuzi ningekuwa na maziwa."

Kila neno lilikuwa la kweli. Nilikuwa nimelisema mara mia na kulimaanisha. Wanawake wakadakia: ni kweli afande, aliziosha, shemeji wa ndagala huyo! Askari akaanza kutabasamu, kisha akacheka kwa sauti, akamwita mwenzake amsikie mtu aliyeosha ndagala. Yule naye akacheka. Nikacheka na mimi. Nikicheka nikaona Jumatatu, nikaona lori, hata kile kiti nikakiona.

"Ni kweli?" askari akamuuliza Cikuru, bado anacheka. "Uliosha?"

Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Neno moja. Alinitazama mimi, akamtazama Domitille pale mlangoni na macho yake makavu.

"Ni kweli, niliosha, zikaoza," akasema. "Deni hilo nilimaliza juzi. Leo ninamugeuzia kwa sababu mume wake amekufa. Alikuwa mwalimu. Alikuwa anamusomea dada yangu barua zangu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kicheko kiliwaisha usoni polepole. Na pale juu Domitille, ambaye tangu Ijumaa hakuna aliyemwambia kwa mdomo kwamba mume wake amekufa, alifungua kinywa akalia. Sijapata kusikia kilio kile tena. Kilikwenda mpaka kwenye maji.

Hawakumpiga hata. Walimwambia tangulia. Alinipa ufagio mkononi jinsi mtu anavyompokeza mwenzake zamu.

"Upande wa chini bado, dada," akasema.

Nilimwambia, "Mupumbavu." Hilo ndilo neno la mwisho mdogo wangu alilolisikia kutoka kwangu. Nilisimama na ufagio ule mpaka jua likashuka, na ndagala za Domitille sikuzigusa. Zilioza pale pale, mara ya pili.

Siku tatu nilikwenda kwenye lango la kambi. Walisema hapana mtu wa jina hilo. Siku ya nne nikaanika ndagala alfajiri, kwa sababu njaa haina tangazo, nikaziacha mchangani nikaenda tena langoni. Hapana mtu wa jina hilo. Yule wa langoni alinifukuza kama kuku. Nikarudi nimekasirika, nawatukana wote: askari, waasi, Hyacinthe aliyekuwa ameshavuka mpaka na mashati yake, mpumbavu wangu aliyeshindwa kusema ndiyo. Nilikuwa natukana kwa sauti nilipofika ufukoni. Najua ndagala zimeoza, nikasema, na zioze.

Hazikuoza. Zilikuwa zinageuzwa. Domitille, siku zake saba hazijaisha, alikuwa ndani ya mstari wangu, ameinama, ufagio mkononi, amefika nusu. Askari walewale wamekaa kwenye kivuli kilekile.

"Toka!" nikamwambia. "Nani amekuambia mimi nimefiwa? Hakuna aliyefiwa hapa! Mudogo wangu iko hai, atarudi Jumatatu, anasoma sheria!"

Hakuinua kichwa. Akaendelea na ufagio, taratibu, upande wa chini ukija juu. Batuli akavuka mawe kutoka upande wake, akaanza kutoka pembe ya pili. Kisha mwingine. Kisha mwingine.

Hapo ndipo nilipojua kwamba amekufa. Si langoni. Nikakaa mchangani mbele ya bunduki zao nikalia kwa sauti yangu yote, nikaliita jina lake, na Domitille akaendelea kugeuza.